Mnara wa Kashinozaki: Je, Japani ilikosea kuwaondoa walinzi wa taa?

Mleta mada: Wakuu, mwaka 2006 walinzi wa mwisho wa minara ya taa nchini Japani waliondoka kisiwani Meshima, mkoa wa Nagasaki. Tangu hapo taa zote zinajiendesha. Mimi nasema ilikuwa kosa, na ushahidi wangu ni mnara wa Kashinozaki, kisiwa cha Kii Oshima.

Mnara huo wa mawe ulisanifiwa na Mskoti Richard Henry Brunton, ukawashwa mwaka 1870. Usiku wa tarehe 16 Septemba 1890, tufani iliibamiza Ertuğrul, manowari ya Dola ya Uthmaniya (Uturuki ya leo), kwenye miamba ya hapo. Ilikuwa ikirudi nyumbani baada ya ujumbe wake kuonana na Mfalme Meiji. Walikufa zaidi ya watu 500, wakasalimika 69. Baadhi yao, wamejeruhiwa na kulowa chapachapa, waliparamia genge gizani wakiifuata ile taa, na juu wakamkuta mtu! Lugha hawakuelewana. Husimuliwa kwamba mlinzi aliwafunulia kitabu cha bendera, nao wakaonyesha ile ya mwezi na nyota. Mtambo ungewafungulia mlango?

Mchangiaji wa 1: Mkuu, taa ilikuwa inawaka na mlinzi yupo, meli ikazama vilevile. Leo nahodha ana rada na setilaiti, akizama anatafutwa kwa helikopta. Unataka binadamu akeshe kwenye mwamba, mbali na wanawe, akingoja ajali ambayo huenda isitokee maishani mwake?

Mleta mada: Upweke wa zile familia sikuupima, nakiri. Lakini rada huionyesha miamba tu. Aliyekwisha kutupwa ufukweni anahitaji mtu.

Mchangiaji wa 2: Mbona wanakijiji mmewaruka? Mlinzi alipokea, lakini waliookoa ni wavuvi wa Oshima. Waliwabeba majeruhi, wakawapasha joto kwa miili yao, wakatoa viazi vitamu na kuku, akiba yao yenyewe. Hakuna aliyekuwa akilipwa mshahara kwa kazi hiyo. Kwangu swali ni nani bado anaishi visiwani. Kii Oshima ilipata daraja mwaka 1999, ina nafuu. Visiwa vingine vya Japani vijana wanahama, wanabaki wazee.

Mleta mada: Basi nairekebisha hoja yangu. Walinzi wasirudishwe, ila fedha iliyookolewa kwa kuwaondoa iende kwenye feri na zahanati za visiwa hivyo. Anayepinga hilo aseme kwa nini.