Naomba ushauri: kuhamisha kanda za kaseti za marehemu babu kwenda kwenye kompyuta

Wakuu, habari za majukumu. Niko Tukuyu. Marehemu babu alituachia boksi la kanda, nyingi za dakika 60 na 90: kwaya za kanisani, na yeye mwenyewe akisimulia habari za ukoo kwa Kinyakyusa. Hizo za ukoo hazipatikani kwingine, ndizo zinazoninyima usingizi.

Redio kaseti ninayo. Nimechomeka waya toka tundu la hedifoni kwenda tundu la maiki la laptopu, narekodi kwa programu ya Audacity. Sauti inaingia, ila inakwaruza babu akipaza sauti, na kuna mvumo hata akinyamaza. Kichwa cha redio (kile kinachosoma utepe) nimekisafisha kwa pamba na spiriti, nimepunguza sauti pia. Nafuu ni ndogo. Je, kadi ya sauti ya nje ya USB (kifaa cha kuingizia sauti kwenye laptopu) itasaidia? Au mvumo ni wa umeme, nitumie betri?

Kinachonitisha zaidi ni kanda zenye ukungu mweupe ukingoni mwa utepe (mvua za huku mnazijua). Sijathubutu kuzipiga. Zinasafishwaje bila kuharibu sauti? Kama kuna fundi mwaminifu Mbeya mjini au hata Iringa, nielekezeni, nitazipeleka mwenyewe mkononi, kwa basi sizitumi.