Vifaranga vya samaki pundamilia: macho yanakwenda kinyume na milia. Chombo au jeni?

Mwl_Shangani (Mtwara)
Habari za leo wakuu. Tuna vifaranga vya samaki pundamilia (Danio rerio) wa siku 5 tangu utungisho, wazazi wote wawili ni wabebaji wa belladonna (jina la badiliko la jeni). Kifaranga nakishika kwenye methiliselulosi 3% (ute mzito wa kumzuia asiogelee) katikati ya silinda ya karatasi yenye milia myeusi na myeupe, kipenyo sm 10, mzunguko mmoja kwa sekunde 36. Kamera iko juu. Wengi macho yanafuata milia taratibu, yanaruka kurudi, yanaanza tena. Lakini wapo wachache ambao macho yanakwenda upande wa pili kabisa, na baadhi yao hayatulii hata mota ikizimwa. Halafu kuna weusi wasioitikia chochote. Nishuku chombo au jeni? Na hawa weusi niwahesabu wapi? Chumba kinafika nyuzi 32 mchana.

Fundi_Ligula
Mwalimu, kama ndugu zao wa sahani hiyohiyo wanafuata milia sawasawa, chombo hakijageuka. Ila programu nyingi za kamera zina kitufe cha kugeuza picha kama kioo, na mtu akikigusa katikati ya kazi utapata "kinyume" cha uongo. Chora mshale mdogo kwenye ukingo wa silinda, uonekane ndani ya kila video. Hapo ubishi umekwisha.

Milia: kwa kasi yako ya nyuzi 10 kwa sekunde, weka milia 36, kila mmoja nyuzi 10. Kwenye kipenyo cha sm 10 hiyo ni mm 8.7 kwa mlia. Angalia pale karatasi inapoungana. Ukibaki na mlia mmoja mpana, macho yatajikwaa hapo kila mzunguko na utadhani ni dalili.

Methiliselulosi: g 3 kwa ml 100. Ukimimina unga kwenye maji baridi unapata mabonge. Tawanya kwanza kwenye theluthi ya maji, yawe ya moto (nyuzi 80 hivi), ongeza yaliyobaki yakiwa baridi sana, weka kwenye friji hadi kesho yake ing'ae na mapovu yapande. Kifaranga alale mgongo juu. Akiinama upande, jicho moja linatazama sakafu na kipimo chake hakina maana. Taa iwe ya betri, umeme ukikatika milia isipotee katikati ya rekodi.

Mitwero_Jeni (Lindi)
Huyo wa kinyume ndiye belladonna mwenyewe. Jeni ni lhx2. Kwa samaki wa kawaida nyuzi zote za neva ya jicho la kushoto huvuka kwenda upande wa kulia wa ubongo, na za kulia kushoto. Kwa belladonna wengi hazivuki, zinabaki upande uleule. Kazi ya macho hapa ni kupunguza mtelezo wa picha kwenye retina (utando wa kuonea ulio nyuma ya jicho). Waya zikiwa upande usio wake, sahihisho linaongeza mtelezo badala ya kuupunguza, na mtelezo mpya unaleta sahihisho kubwa zaidi, kama maiki iliyowekwa mbele ya spika. Ndiyo maana baadhi macho huchezacheza yenyewe.

Jaribio rahisi: simamisha silinda, rekodi. Kisha toa milia, weka karatasi nyeupe tupu, mwanga uleule, rekodi tena. Kuchezacheza kwa belladonna kunahitaji kuona milia iliyosimama, kwa hiyo kwenye karatasi tupu macho yatulie. Yasipotulia, tafuta sababu nyingine. Kuchezacheza huku ndiko kunakowavutia watafiti wa nistagmasi ya kuzaliwa nayo (macho kuchezacheza yenyewe) kwa binadamu.

Kuhusu hesabu: kwenye vifaranga 60 tarajia kama 15 wenye nakala mbili mbovu, ila wa kinyume watakuwa pungufu ya hapo, kwa sababu si kila mwenye nakala mbili hukosa kuvusha nyuzi. Kwa hiyo usimwandike kifaranga "mzima" kwa macho tu. Mpe kila mmoja kishimo chake chenye namba kwenye sahani, pima PCR (kipimo cha jeni) baada ya video.

Bi_Mikindani
Weusi nao msiwabebeshe belladonna. Samaki anayeona, ukimweka kwenye sahani nyeupe chini ya taa nusu saa, anapauka. Asiyeona hubaki mweusi. Lakini weusi peke yake si ushahidi wa upofu: aliyedumaa au ambaye kibofu cha hewa hakijajaa naye huonekana hivyo. Tazama kwanza kama anaogelea na kukaa wima. Wangekuwa robo kamili ya kizazi na wazima wa mwili, ningewaza ukoo wenye badiliko kama lakritz (jeni atoh7), ambao retina yake haina kabisa seli za ganglioni, zile zinazopeleka picha kwenye ubongo.

Na nyuzi 32 hizo, Mwalimu, zinaharibu kazi. Kiwango ni 28.5. Joto likizidi ukuaji unakimbia, "siku 5" yako hailingani na ya mwingine, na ulemavu unaongezeka. Sahani ziweke ndani ya boksi la povu la kubebea samaki na chupa ya maji baridi, kipimajoto ndani, ubadilishe chupa mchana. Taa saa 14, giza saa 10, na msipime usiku: koni za vifaranga (seli za retina za kuonea mchana) hulegea sana saa hizo. PTU, dawa ya kuzuia rangi ya ngozi, iacheni kwenye kazi ya macho.

Maji ya kisima cha pwani yana chumvi isiyojulikana. Tengenezeni E3 (maji ya kulelea vifaranga) kwa maji yaliyochujwa ioni. Kwa lita moja: NaCl g 0.29, KCl mg 13, CaCl2·2H2O mg 48, MgSO4·7H2O mg 81.

Mwl_Shangani (Mtwara)
Asanteni sana. Karatasi nyeupe naijaribu. Nikitaka kuona nyuzi za neva zenyewe kama zimevuka?

Mitwero_Jeni (Lindi)
Mhifadhi kwa paraformaldehaidi 4% (dawa ya kuua na kukaza tishu), choma kwa sindano rangi ing'aayo ya DiI jicho moja na ya DiO lingine, acha rangi isafiri, kisha tazama ubongo kwa darubini ya fluoresensi. Rangi mbili zikipishana katikati, zimevuka. Kila rangi ikibaki upande wake, umepata jibu. Anza na wale wa kinyume na ndugu zao wachache wazima, video za kila mmoja ziwe tayari kwa namba, maana akishahifadhiwa humpimi tena.