Karatasi yangu imegeuzwa nyuzi 180 mbele ya darasa zima!!!

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Yule mwalimu wa fizikia, sitaji jina, mnamjua, yule wa "hili ni jepesi mno". Leo kaniumbua.

Swali: gurudumu linazunguka mara 300 kwa dakika, linafungwa breki, linasimama baada ya sekunde 10. Limezunguka mara ngapi hadi kusimama? Nikachukua wastani, 150, nikazidisha kwa 10, nikapata 1,500. Jibu nikalipigia mistari miwili kwa rula. KWA RULA, wakuu.

Akaichukua karatasi, akainyanyua wote waone, akaigeuza juu chini, akasema: "Labda huku itasomeka." Darasa likaangua kicheko hadi madirisha yakatikisika. Aliyecheka kuliko wote juzi tu aliniuliza radiani, kile kipimo kingine cha pembe, ni mdudu gani.

Mtu mzima anageuzaje karatasi ya mwenzake? Angesema tu "dakika na sekunde hazipatani", ningeelewa. Hapana, kaigeuza. Polepole, kwa vidole viwili, kama kashika panya aliyekufa. Nikifumba macho naiona inageuka.

BrekiZimekata: Pole mkuu, ila mara 1,500 kwa sekunde 10 ni mara 150 kila sekunde. Hapo kafunga breki au kakanyaga mafuta? 300 kwa dakika ni 5 kwa sekunde, wastani 2.5, zidisha kwa 10, unapata 25. Bila breki kabisa lingezunguka mara 50 tu. Lako si gurudumu, ni jini.

Mleta uzi: Sijaomba hesabu, nimeomba pole. KAIGEUZA!

PaiNusu: Kaigeuza radiani ngapi?

BrekiZimekata: Pai, yaani 3.14, ndiyo nyuzi 180. Kama ilimchukua sekunde 2, kasi ya mzunguko ni radiani 1.57 kwa sekunde, kwa wastani. Kumbe mwenzio alikuwa anafundisha 😂

Mleta uzi: Endeleeni tu. Mungu anawaona.

Sine30: Afadhali yako ilisomwa. Mimi kalkuleta ilikuwa kwenye radiani, sine ya nyuzi 30 ikatoka -0.988 badala ya 0.5, nami nikaandika hivyohivyo. Mwalimu kachora uso unaolia pembeni.

MtelemkoMkali: Hamjaumbuliwa nyie. Tufe na pete vinaachiwa pamoja kwenye mteremko, kipi kitatangulia chini? Nikajibu vinafika pamoja, uzito si ni uleule! Kaniambia nikaviviringishe mwenyewe. Nimeviviringisha mara saba. Tufe linashinda kila mara, liniue tu.

BrekiZimekata: Hata uzito ukitofautiana litashinda. Pete uzito wake wote uko ukingoni, inakuwa nzito kuzungushwa.

Mzee wa Tungamo: Tungamo, yaani kiasi cha maada. Si uzito.

MtelemkoMkali: Kaanza huyu.

Mzee wa Tungamo: Uzito ni kani, unapimwa kwa nyutoni. Mnatia aibu.

Mleta uzi: Samahani, tulikuwa kwenye karatasi yangu?

Mzee wa Tungamo: Wewe kaa na 1,500 yako.

Sine30: Jamani, kalkuleta inarudishwaje kwenye nyuzi? Kesho nina jaribio.

PaiNusu: Izime, iwashe.

Sine30: Nimeizima. Haiwaki.