Niliishia darasa la nane: nianze na maarifa gani?

Fundi wa Kibuye:
Hamjambo ndugu zangu. Mimi ni fundi wa nguo hapa Kisumu, nina miaka 38, na masomo yangu yaliishia darasa la nane kwa kukosa karo. Mwaka jana nilikopa shilingi 10,000 kwa mkopeshaji mmoja wa mtaani, nikatia sahihi karatasi iliyosema riba ni asilimia 20, nikaelewa kwamba nitarudisha 12,000 na deni liishe. Mwishoni mwa mstari palikuwa na maneno mawili, "kwa mwezi", ambayo sikuyatilia maanani. Baada ya miezi sita nilidaiwa 22,000, na cherehani yangu ikachukuliwa. Uchungu nilio nao si wa cherehani peke yake, bali ni wa kutojua. Sasa nina saa moja kila usiku watoto wakishalala, na vitabu vyao vya hisabati, sayansi, historia na uraia viko mezani. Je, mtu mzima asiyetafuta cheti ajue nini kwanza katika kila somo?

Mwalimu, Maseno:
Pole sana, dada. Anza na asilimia, tena kwa karatasi ile ile iliyokuumiza. Asilimia 20 ya 10,000 ni 2,000, na kwa miezi sita ni 12,000. Ukijumlisha na pesa uliyokopa, unapata 22,000. Kisha fanya hesabu ya pili: kama riba ya kila mwezi ingeongezwa kwenye deni, na mwezi unaofuata ikatozwa juu ya jumla hiyo, ungedaiwa karibu 29,860. Ifanye kwa kalamu, mwezi baada ya mwezi, mpaka uipate mwenyewe.

Katika sayansi, anza na kilicho juu ya paa lako. Mwanga wa radi hufika papo hapo, lakini sauti yake husafiri takribani mita 340 kwa sekunde. Kwa hiyo hesabu sekunde kati ya mmweko na ngurumo, ugawanye kwa tatu, nawe utapata umbali kwa kilomita. Ikiwa ni chini ya kilomita 10, ingiza watoto ndani.

Muuguzi, Kakamega:
Usiuache mwili. Jua kwamba malaria huenezwa na mbu jike wa jamii ya Anopheles, kwamba antibayotiki haziui virusi vya mafua, na kwamba hatari kubwa kwa mtoto anayeharisha ni kuishiwa maji mwilini. Ukikosa pakiti za ORS, yaani unga wa sukari na chumvi wa kuchanganya na maji kwa anayeharisha, changanya lita moja ya maji safi, vijiko vya chai sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, kila kijiko kikisawazishwa kwa kisu bila kulundikwa. Nimewaona akina mama wakitia chumvi kwa kukisia, na chumvi ikizidi humdhuru mtoto. Mnyweshe kidogo kidogo mkiwa njiani kwenda hospitalini.

Karani, Nakuru:
Kwa maoni yangu, sheria ingetangulia. Soma Sura ya Nne ya Katiba ya Kenya ya 2010. Kifungu cha 49 kinataka aliyekamatwa aelezwe sababu mara moja kwa lugha anayoielewa, na afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, isipokuwa muda huo ukiisha nje ya saa za kazi za mahakama au siku isiyo ya kazi ya mahakama, ambapo atafikishwa kabla ya mwisho wa siku ya kazi ya mahakama inayofuata. Kifungu cha 43 kinakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Historia nayo ianzie hapo ulipo: reli ilifika Kisumu mwaka 1901, mji ukiitwa Port Florence, na eneo hilo lilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda hadi 1902.

Fundi wa Kibuye:
Asanteni sana. Jana usiku niliona mmweko, mwanangu akahesabu nami hadi 12, ngurumo ikafika. Tukasema kilomita nne. Katika ile hesabu ya pili nimemaliza mwezi wa tatu, na deni ni 17,280. Mwalimu, naomba unithibitishie kabla sijaendelea na wa nne.

Mwalimu, Maseno:
Ni sahihi kabisa, dada. Endelea.