Majirani South C, Nairobi: Kumbukumbu ya E-Sir

Katibu (7:12 asubuhi): Assalam aleikum majirani, na habari za asubuhi. Tarehe 16 Machi mwaka huu wa 2026 ni miaka 23 tangu rapa wetu E-Sir atutoke. Safari hii lazima kitu kifanyike mtaani kwake. Spika, jukwaa dogo, vijana wafoke. Sh 500 kila nyumba, namba yangu mnayo.

Katibu (9:40): Tiki za buluu 31. Hamna vidole?

Mama Njeri: Maji leo yanakuja?

Katibu: Mama Njeri, maji si mada.

Mama Njeri: Kwangu ni mada. Siku ya nne niko na ndoo.

Hassan Kinyozi: E-Sir wetu bana! Boomba Train niliirekodi kutoka redioni, juu ya kanda ya kaswida ya nyanya. Vile vitundu vya juu nikaziba na karatasi. Mpaka leo nikiusikia huo wimbo nangoja mtangazaji aingilie kutaja saa.

Mama Zuu: Ndiyo maana ulilala nje 😂

Katibu: Turudi kwa mada. Kijana alikuwa na miaka 21. Albamu moja tu, Nimefika, na mpaka leo watu wazima wanaitema mistari yake bila kukosea. Alifoka Kiswahili kilichonyooka, wakati wengine wanajifanya wametoka Marekani. Miaka 21! Wangu ana 24 na kitanda hatandiki.

Juma wa Katibu: Baba, na mimi niko humu.

Hassan Kinyozi: 😂😂😂

Mama Zuu: Kabla ya hiyo 500. Ile 300 ya mchoro wa ukutani, tulipokuwa tunafanya miaka 20, iliishia wapi?

Katibu: Rangi ilinunuliwa. Mvua ikatuzuia.

Mama Zuu: Mvua ya miaka mitatu?

Hassan Kinyozi: Geti la Katibu ni rangi gani? Nauliza tu.

Mama Zuu: Zambarau. Ileile.

Katibu: LILIBAKI KOPO MOJA

Fundi Stima: Jenereta iko.

Mama Zuu: Isiwe ile ya harusi.

Mzee Athumani (1:25 mchana): Waaleikum salaam. Katibu, 16 Machi ni kumi la mwisho la Ramadhani. Watu wako taraweh, wewe unafunga spika. Issah Mmari, huyo E-Sir wenu, ni Muislamu. Alikuwa anatoka Nakuru na wenzake, ajali ikamchukua. Barabara hiyohiyo ilinichukulia mdogo wangu, najua nyumba inavyokuwa tarehe ikikaribia. Yule mtoto amekaa kaburini miaka mingi kuliko aliyotembea hapa juu. Mwombeeni.

Katibu (3:50): Shikamoo Mzee. Nimekusikia.

Katibu (4:02): Basi 16 tuwe na futari na dua. Muziki tusogeze 20 Mei, siku aliyozaliwa. Angekuwa anafika 45.

Hassan Kinyozi: 20 Mei ni Jumatano. Mimi nanyoa watu.

Mama Zuu: Viazi vya karai na kaimati napika mimi. Na pesa nashika mimi.

Katibu: Hilo la pesa tutaongea.

Mzee Athumani: Hakuna la kuongea.

Mama Njeri (9:15 usiku): Maji yamekuja!! Tekeni haraka

Nyumba 14 (kesho yake, 6:30 asubuhi): Samahani, simu ilizima. Nimeona ya E-Sir, nimeshatuma 500 kwa Katibu.

Mama Zuu: Kwa NANI?