Gari ya familia siti saba inazimika barabarani, nitajuaje kama yangu imeitwa kiwandani?

BabaMapacha

Wakuu habari za saa hizi. Naomba msaada kwa wanaojua gari maana wiki nzima silali vizuri. Nina gari ya familia ya siti saba, nimeinunua mkononi kwa mtu, mi ni mmiliki wa tatu kama sio wa nne. Modeli siitaji kwa sababu najua mjadala utageuka wa kutetea kampuni na kuponda kampuni, na hili tatizo nadhani linawahusu wengi tu.

Iko hivi, miezi miwili sasa gari inanizimikia. Asubuhi inawaka vizuri kabisa, natembea nusu saa hivi, mara nakanyaga mafuta haiitikii, inakohoa mara mbili tatu alafu kimya. Juzi imenizimikia nikiwa katikati ya kuovateki lori, watoto wako nyuma, mama yao yuko pembeni yangu, usukani ukawa mzito kama umefungwa, nikaung'ang'ania kwa mikono yote miwili mpaka nikarudi upande wangu, dereva wa lori aliona akapunguza mwendo, Mungu ambariki sana yule baba. Tukakaa pembeni kama dakika 20, nikapiga stata ikawaka kama hakuna kilichotokea.

La pili taa ya eabegi, ule mfuko wa hewa unaofunguka ukigonga, inawaka muda wote haizimi, na honi siku hizi inalia usukani ukiwa umenyooka tu, nikikata kona hailii.

Fundi wangu kasema plagi, nikabadili. Kasema sensa, nikabadili. Ya eabegi akaniambia hiyo taa haina kazi tutoe balbu isikusumbue, hapo nikakataa nikaondoka na gari yangu.

Nimesoma wamiliki wengine wa modeli hii wanavyolalamika, malalamiko ni mengi mno, huyu injini, huyu geabox, huyu mlango wa kuslaidi unafunguka wenyewe. Wengine wanasema kulikuwa na rikoli yani kiwanda kiliziita gari zirudi kutengenezwa bure, wengine wanabisha wanasema zile ni za mwaka mwingine. Sasa nauliza, nitajuaje kama yangu imo? Na mimi ambaye sikuinunua mpya nina haki yoyote? Na je niendelee kuendesha?

Dereva_Mkongwe

Kijana pole sana kwa hiyo ya lori, mshukuru Mungu mko wazima. Ila usijitie presha kwa kusoma malalamiko ya watu. Mimi gari ya familia ninayoendesha ina miaka 11 mkononi mwangu, nayo wanailaumu kila kona, na haijawahi kuniangusha. Mtu ambaye gari yake ni nzima haandiki popote, anayeandika ni yule aliyeharibikiwa, kwa hiyo ukisoma utaona kama zote ni mbovu. Gari inayozimika ikipata moto mara nyingi ni chujio la mafuta limeziba au mafuta machafu. Anza na hivyo vidogo kabla hujawaza kiwanda.

FundiWaya

Mzee wangu shikamoo, nakuheshimu sana na hilo la chujio ni kweli likaguliwe, lakini naomba nipingane na wewe kidogo kwenye hili la gari kutokuangusha miaka 11, nitaeleza chini.

@BabaMapacha kwanza tutenganishe vitu maana wengi wanavichanganya. Malalamiko ni malalamiko, mtu yeyote anaweza kulalamika hata redio. Rikoli ni kiwanda au serikali imekubali kwamba kuna kasoro inayogusa usalama, na kiwanda kinatakiwa kurekebisha bila mteja kulipa. Alafu kuna kitu cha katikati, waraka wa kiufundi ambao kiwanda kinawatumia mafundi wake kwamba gari fulani ikija na dalili hii fanya hivi, huo sio rikoli na mara nyingi utalipia mwenyewe. Ukisikia mtu anasema "hii kiwanda wanaijua", muulize ni ipi kati ya hizi.

Sasa gari yako. Inatembea nusu saa, inakosa nguvu, inazima, ikipoa inawaka. Mi ningeanza na pampu ya mafuta, ile ya ndani ya tenki. Sisemi ndo yenyewe, sijaishika, lakini fundi wako kabadilisha vitu viwili bila kupima kimoja na hilo ndo linaniuma. Mwambie afunge geji ya presha kwenye laini ya mafuta, mtembee mpaka ianze kukohoa, pale pale asome geji. Presha ikishuka jibu umepata, isiposhuka mnahamia kwenye umeme, sensa ya kranki na kadhalika. Bila geji mnabahatisha.

Na pampu ina historia yake. Mwaka 2020 Toyota ilianza kuita gari kwa ajili ya pampu za mafuta zilizotengenezwa na Denso, Honda nayo ikaita za kwake, baadae zikafika mamilioni. Kasoro yenyewe ilikuwa ndogo kuiangalia, kile kipangaboi cha plastiki kinachozunguka ndani ya pampu kilikuwa kinanyonya petroli, kinavimba, kinaanza kusugua kuta za pampu mpaka kinakwama, injini inazima ukiwa mwendoni. Ona jinsi kampuni moja ya spea inavyoweza kuuza kifaa kimoja kwa viwanda tofauti, ndo maana kuuliza "modeli hii ina rikoli?" haitoshi. Gari mbili za mwaka mmoja rangi moja zinaweza kutoka kiwandani na pampu tofauti, moja imeitwa nyingine haijaitwa. Kinachojibu ni namba ya chesisi peke yake, ile namba ya utambulisho iliyopigwa kwenye bodi ya gari.

Kuhusu eabegi, taa kuwaka pamoja na honi kukata ukizungusha usukani, kwa uzoefu wangu hiyo ni ile waya bapa iliyojikunja nyuma ya usukani, spairo wengine wanaita. Ikikatika, umeme haufiki kwenye eabegi ya dereva, yani siku ukigonga inaweza isifunguke. Kwa hiyo umefanya vizuri mno kukataa kutoa balbu. Na hapa nawaambia wote mnaonunua gari mkononi, washa swichi bila kuwasha injini, taa ya eabegi inatakiwa iwake sekunde chache alafu izime yenyewe. Ikigoma kuwaka kabisa ujue kuna mtu alishaichezea.

Sasa mzee wangu Dereva_Mkongwe, narudi kwako. Kuna kasoro ambazo gari ikikaa miaka mingi bila tatizo ndo zinazidi kuiva. Eabegi za kampuni ya Kijapani ya Takata zilikuwa zinafunguliwa kwa baruti ya amonia naitreti, na nyingi zilifungwa bila kitu cha kunyonya unyevu. Miaka ya joto na unyevu inaiharibu ile baruti taratibu, siku ya ajali inalipuka kwa nguvu kupita kiasi inapasua kile chuma kinachoishikilia na vipande vinamrukia dereva usoni na shingoni. Watu wamekufa kwa ajali ndogo ambazo wangeshuka na kutembea. Marekani peke yake ziliitwa eabegi kama milioni 67, dunia nzima zinakaribia milioni 100, Takata ikafilisika 2017. Na taa ya dashibodi haiwaki kwa kasoro ile, maana taa inapima umeme, haipimi baruti. Gari inakuwa nzima kabisa kwa macho na kwa kuendesha. Naomba sana mzee wangu kesho uangalie namba ya chesisi ya gari yako, miaka 11 ni mingi.

MamaWatatu

Nimesoma hii ya lori mwili umenisisimka. Mimi nilikuwa kama wewe, gari nimenunua kwa mtu, sijui chochote kuhusu rikoli. Barua za kiwanda zinaenda kwa mmiliki anayeonekana kwenye kumbukumbu, mimi jina langu halikuwepo, kwa hiyo kwa miaka miwili barua zinaenda kwa mtu aliyeshaiuza na mimi nambeba mwanangu mkubwa siti ya mbele kila siku akienda shule. Ndugu yangu mmoja ndo akanisaidia kuingiza namba ya chesisi kwenye ukurasa wa kiwanda mtandaoni, ikatoka eabegi ya abiria wa mbele haijabadilishwa.

Nikaenda kwa wakala wa hiyo gari, yule kijana wa mapokezi akaniambia mama wewe gari hujanunua kwetu. Nikamwambia mwanangu, rikoli inafuata gari haimfuati mtu, niitie mkubwa wako. Nilikaa pale kwenye benchi mpaka mkubwa akatoka, akaangalia namba, akasema kweli inahusika, spea haipo, subiri. Nilisubiri wiki sita, na wakanielekeza siti ya mbele asikae mtu mpaka wamalize, basi kile kiti nilikilaza nikakifunga mkanda na kapu juu yake ili mtoto asisahau akarukia pale.

Walipomaliza niliomba karatasi inayosema wamefanya nini na kwa namba ipi ya chesisi. Usitoke bila hiyo karatasi. Mwezi uliofuata kumbukumbu zao bado zilikuwa zinaonyesha haijafanyika, nikawapelekea wakasahihisha.

Kona_Kali

BabaMapacha hilo la malalamiko usilidharau. Rikoli nyingi zinaanza na mtu mmoja mmoja kuandika. General Motors mwaka 2014 iliita gari kama milioni 2.6 kwa swichi ya kuwashia, nyingi zikiwa za kawaida za familia kama Chevrolet Cobalt. Swichi ilikuwa legelege, rundo zito la funguo au goti likiigusa inarudi nyuma, injini inazima, usukani mzito, na eabegi hazifunguki. Watu walilalamika miaka mingi wanaambiwa punguza funguo. Kibaya zaidi mwaka 2006 kifaa kilishabadilishwa kimya kimya lakini namba ya spea ikaachwa ile ile, kwa hiyo wachunguzi walikuwa wanalinganisha swichi mbili tofauti wanadhani ni moja. Mfuko wa fidia baadae ulitambua vifo 124. Yani ningekuwa ni mimi, baada ya ile ya lori ningeandika siku ile ile, tarehe, kilomita kwenye mita, mwendo, kilichotokea, alafu nipeleke kwa kiwanda na kwa mamlaka ya usalama wa magari. Marekani ni NHTSA, wanapokea hata lalamiko la mtu mmoja, na malalamiko ya watu yakifanana ndo uchunguzi unaanzia hapo. Usiandike "gari mbovu sana", hiyo haimsaidii mtu.

Namba ya chesisi ikiwa na herufi na tarakimu 17 utaingiza moja kwa moja kwenye ukurasa wa kiwanda. Humo hakuna I wala O wala Q, ukiona kama O ujue ni sifuri. Gari zilizotengenezwa kwa soko la Japani namba yake ni fupi, herufi na tarakimu chache, kistari, alafu tarakimu, hizo unaingiza kwenye ukurasa wa kiwanda wa Kijapani maana kwenye kurasa za nchi nyingine zinakataa, na kukataa haimaanishi gari ni salama. Watu wengi wanaishia hapo wanafurahi bure.

BabaMapacha

Nimewasoma wote, ahsanteni sana, mama yangu MamaWatatu nimekuelewa hiyo ya karatasi. Naomba kuuliza FundiWaya, mpaka niipeleke, ikizima tena nikiwa barabarani nifanye nini?

FundiWaya

Kwanza kaka usiipeleke barabara kubwa na watoto ndani mpaka ipimwe, nakuomba. Ikikuzimikia, breki usiipige piga. Ule ulaini wa breki unabaki kwa kukanyaga mara moja au mbili tu baada ya injini kuzima, ukipiga piga unaumaliza na pedeli inakuwa ngumu kama ukuta. Kanyaga mara moja kwa nguvu ushikilie. Weka nyutro, taa za hatari, jaribu kupiga stata gari ikiwa bado inatembea. Swichi usiirudishe mpaka mwisho, usukani utajifunga.

Dereva_Mkongwe

Fundi nimekusikia. Nimeangalia ya kwangu leo asubuhi, mjukuu ndo kanisomea. Eabegi ya dereva, ipo kwenye orodha, haijabadilishwa. Miaka yote hii. Nimewapigia, wamenipa tarehe.

BabaMapacha

Mzee pole na hongera kwa pamoja. Wakuu narudisha majibu. Namba nilikuta imeandikwa kwenye kibati chini ya siti ya mbele, imejaa tope nikaifuta kwa kitambaa na tochi mdomoni, nikaipiga picha. Zimetoka mbili, moja ya mlango wa kuslaidi ambayo mmiliki mmoja huko nyuma alishaifanya, na moja ya pampu ya mafuta, haijafanyika. Geji tulifunga jana na fundi mwingine, ilipoanza kukohoa presha ikaanguka karibu na sifuri mbele ya macho yetu, nimeirekodi kwenye simu. Spairo haimo kwenye rikoli, hiyo nitalipa mwenyewe. Wamesema pampu inafika baada ya siku tisa, gari nimeipaki, watoto wanapanda basi.