Kwa nini malaria ilimlemea kaka yangu aliporudi kutoka Ubelgiji?

Mkaaji wa Kadutu: Wapendwa, kaka yangu alikulia Kindu, akiugua malaria mara kwa mara bila kulemewa, lakini baada ya kuishi Ubelgiji miaka sita alirudi Kindu, na homa ya kwanza ikamfikisha hospitalini akiwa hajitambui. Kinga yake ilikwenda wapi?

Muuguzi wa Ibanda: Pole sana, ndugu. Kinga hiyo haizuii maambukizi kabisa bali hupunguza ukali wake: kingamwili, yaani protini za damu zinazopambana na maradhi, hushambulia vimelea vya malaria vinapotoka kwenye ini kuziingia chembe nyekundu za damu, huku bandama ikiziondoa chembe zilizokwisha kuambukizwa. Kimelea Plasmodium falciparum hubadilisha protini zinazojitokeza juu ya chembe hizo. Ndiyo maana mwili huchukua miaka mingi kuzizoea, na mtu asipoambukizwa tena, sehemu ya ulinzi huo hufifia.

Mama wa Panzi: Watoto wangu wamezaliwa hapa Bukavu, kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,500, na Desemba tunakwenda Kindu.

Muuguzi wa Ibanda: Mama, kwenye mwinuko kama wa Bukavu malaria ni kidogo kuliko Kindu, kulikoko chini zaidi, kwa hiyo wahesabu kuwa hawana kinga ya kutosha. Walale ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku, na homa yoyote ipimwe siku hiyohiyo, hata wiki kadhaa baada ya kurudi.